Mgeni wa Siku Mbili Mokpo

Seoul, 20 Agosti 1984

Dada Okbun,

Najua utaifungua barua hii umenuna, na una haki. Tangu mwaka mpya sijaandika. Kazi imenibana, lakini hata mimi nikisema hivyo najiona mwongo, basi tuliache.

Nina habari njema. Ninaoa. Anaitwa Hwang Inhye, anafundisha watoto piano mtaa wa pili kutoka ninapoishi. Ni mpole, ana kicheko cha chini kwa chini, na huwa ananipikia supu bila kuulizwa. Baba yake ni mtu wa Daegu, ana kiwanda kidogo cha soksi. Harusi ni mwishoni mwa Novemba.

Sasa sikiliza. Mzee Hwang anatimiza miaka sitini mwezi wa kumi. Tulipomuuliza anataka zawadi gani akasema anataka kwenda Mokpo. Wakati wa vita alikuwa askari, akapita huko, akala pweza bandarini, na tangu siku hiyo amekuwa akimsimulia huyo pweza kama ndugu aliyepotea. Kwa hiyo tunakuja, yeye, mkewe, Inhye na mimi, Jumamosi tarehe 13 Oktoba, tunarudi Jumapili jioni. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupanga. Naomba uniandikie: tuone nini, tule wapi, tulale wapi. Mji umebadilika tangu nilipoondoka, nami sitaki nionekane nababaisha.

Hapa ndipo pagumu, Dada. Inhye na wazazi wake wanajua kwamba nilizaliwa Incheon. Wanajua kwamba baba na mama wamefariki na sina ndugu. Ulikuwa hapa siku ile mwenye nyumba aliponiuliza natoka wapi, nikamjibu, akazichukua funguo mkononi mwangu. Kampuni tatu zilinirudishia fomu. Ya nne sikuandika Jeolla, huo mkoa wetu ambao watu wa huku hawautaki, wakanichukua. Baada ya hapo ulimi ulishazoea. Na Mzee Hwang ni mtu mwema kwa kila jambo isipokuwa hilo moja. Akisikia neno Jeolla kwenye redio huzima.

Tukikutana njiani usiniite jina. Na Mama asifike gatini kwenye meza yake ya pweza siku hizo mbili. Mpeleke kwa shangazi kule Muan, mwambie shangazi anaumwa. Baada ya harusi nitatafuta njia ya kuyaweka sawa.

Mama hajambo?

Mdogo wako,
Yonggil


Mokpo, 1 Septemba 1984

Mdogo wangu Yonggil,

Nimekaa na barua yako siku saba kabla ya kushika kalamu, kwa sababu siku ya kwanza ningeandika maneno ambayo ningeyajutia maisha yangu yote. Hongera kwa mchumba. Supu bila kuulizwa ni jambo kubwa, mshike huyo.

Umeniomba nikupangie safari, nakupangia.

Treni ya asubuhi inafika saa tisa mchana. Msichukue teksi ya mbele ya stesheni, dereva wa kwanza pale ni Gwak, mlikaa dawati moja. Vukeni barabara mchukue ya upande wa pili. Mlale kwa Bibi Guk, chini ya mlima Yudal. Vyumba vyake vina joto la sakafu mpaka asubuhi na matandiko ni masafi. Amehamia hapa mwaka juzi, hakujui.

Jumamosi hiyohiyo jua likipungua, mtembezeni mzee kwenye ufuo wa Daeban. Ni mwendo wa kuteremka, magoti yake yatashukuru. Jumapili asubuhi pandeni mlima. Mzee wa miaka sitini asipelekwe kileleni, mfikisheni kwenye kibanda cha pili tu, visiwa vyote vinaonekana kutoka pale. Wewe ukifika hapo usigeuke kushoto. Paa letu la bati la buluu liko chini yako, na huyo mchumba akikuuliza unatazama nini utakosa jibu.

Mkishuka mpitie jengo la matofali mekundu la Wajapani. Bado ni maktaba. Mwambie Mzee Hwang lina miaka themanini na kitu. Usimwambie kwamba ulisomea mtihani wako ndani yake miezi saba, na mimi nikikungoja nje na chakula kwenye kitambaa, kwa kuwa niliacha shule ili mmoja wetu aendelee. Kisha Samhak. Mweleze kuwa zamani vilikuwa visiwa vitatu, vikafukiwa mpaka vikaungana na mji. Usimweleze ulijifunzia wapi kuogelea.

Pweza mkale kwenye mkahawa wa ghorofa karibu na stesheni. Ni wa jana yake, lakini mtu aliyekula mara moja wakati wa vita hatajua. Gatini msikanyage.

Ndio hivyo. Mji wako huo katika siku mbili, bila wewe ndani yake.

Mama nimemsomea nusu ya barua, ile ya harusi na ya kwamba unakuja. Nusu ya pili nimeimeza. Amefurahi kiasi kwamba ameenda kutiwa nywele dawa. Sasa wewe niambie nimwambieje.

Dada yako,
Okbun


Seoul, 8 Septemba 1984

Dada,

Asante sana. Ratiba ni nzuri kuliko nilivyotarajia, nimeinakili kwa mwandiko wangu na Mzee Hwang ameisifu. Amesema nina akili ya kupanga mambo.

Kwa nini ulimsomea? Ungesema ni barua ya salamu tu. Mwambie safari imebadilika, tunaenda kisiwa cha Jeju. Na tafadhali, shangazi wa Muan. Nakuomba kama mtu anayezama.

Sikukuu ya mavuno sitaweza kuja. Nimealikwa kwa akina Inhye.

Yonggil


Seoul, 18 Oktoba 1984

Dada Okbun,

Imepita. Nimelala jana kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Mambo yote yalikwenda kama ulivyoandika, mpaka Jumapili mchana. Bibi Guk alitupikia uji wa samaki, mlimani hapakuwa na upepo, mama yake Inhye alipiga picha filamu nzima. Tulipotoka Samhak, Mzee Hwang akamwuliza dereva wa teksi, "Bwana, pweza wa kweli anauzwa wapi?" Nikasema tumeshaweka nafasi mkahawa wa ghorofa. Dereva akacheka, "Mgeni, yule si pweza, ni mpira wa baiskeli. Nawapeleka kwa mama mjane wa mbele ya ghala la barafu. Majenerali wamekula pale." Mzee Hwang hakusikia tena neno langu hata moja.

Unaijua meza hiyo.

Nilishuka garini wa mwisho. Nilijua Mama yupo, kwa kuwa hukunijibu. Alikuwa ameinama kwenye beseni, kavaa aproni ya mpira. Akainuka, akatutazama sote wanne, akasema, "Karibuni wateja, kaeni upande huu usio na upepo." Basi. Hakunitambua, Dada. Alinipa taulo la kufutia mikono kama alivyompa kila mtu. Tulikula, Mzee Hwang akatokwa na machozi kwa furaha, tukaondoka.

Nimekuwa nikifikiri. Miaka sita hajaniona, nimenenepa, ninavaa miwani. Lakini je, macho yake yako sawa? Mpeleke akapimwe. Na ulikuwa wapi wewe?

Kwa jinsi ilivyokwenda, labda Mungu mwenyewe alitaka kunionea huruma.

Yonggil


Mokpo, 27 Oktoba 1984

Yonggil,

Nilikuwa nyuma ya makreti ya barafu, hatua sita kutoka mgongoni kwako. Ukosi wa koti lako ulikuwa umekunjika, nikataka kuunyoosha.

Macho ya Mama ni mazima. Anatunga uzi kwenye sindano bila kutazama mara mbili.

Sikiliza yaliyotokea. Jioni moja baada ya mimi kukuandikia ile ratiba, aliichukua barua yako ya kwanza mkononi akaigeuza. Hajui kusoma lakini si mjinga. "Karatasi imeandikwa pande zote mbili," akaniambia, "na wewe umesoma upande mmoja. Huku kuna nini?" Nikasema ni salamu za majirani. Akasema, "Salamu za majirani hazimfanyi mtu apoteze sauti. Soma." Nikasoma. Nilisoma pale pa Incheon, pale pa wazazi kufariki, na pa shangazi wa Muan. Alikuwa anamenya vitunguu saumu. Alimaliza vyote, akaosha mikono, akaniuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo nilikufa kwa ugonjwa gani?" Nikamwambia hukuandika.

Muan alikataa kwenda. "Wakija watakula," akasema. "Siwezi kukimbia meza yangu kwa sababu ya wateja."

Alikutambua mlango wa teksi haujafungwa. Alimrudisha ndani ya beseni pweza aliyekuwa amemshika. Kisha akainuka akasema alichosema.

Na wewe katika barua yako umesahau kitu. Mzee Hwang alipokunywa kikombe cha tatu cha pombe ya mchele alisema, "Watu wa huku chakula chao kitamu, lakini mtu usiwape mgongo. Wanakukumbatia huku wanapapasa mfuko." Alisema mbele ya Mama, kwa sauti, kama mtu anayesifu hali ya hewa. Nawe ukacheka. Si kicheko cha kuficha haya, Yonggil. Nakijua kicheko chako tangu ukiwa na meno mawili. Kilikuwa cha kweli. Halafu ukasema, "Mama muuzaji, tuongezee maji," kwa lafudhi ya redio.

Akawaongezea maji.

Mlipoondoka, akina mama wa meza za jirani waliweka visu chini wote. Wanakujua, wengine walikubeba mgongoni. Nyangsim wa meza ya kaa akavua kiatu akitaka kukimbilia teksi. Mama akamshika mkono, akamwambia, "Acha. Ni mteja."

Nenda kaoe. Sina la kuongeza.

Okbun


Seoul, 3 Novemba 1984

Kwa Mama mwenye meza ya pweza,
mbele ya ghala la barafu, gati la Mokpo

Shikamoo Mama,

Hunijui. Nilikula kwako Jumapili tarehe 14 mwezi uliopita, tukiwa wanne. Mimi ni yule msichana wa sweta ya kijani. Anwani nimeipata kwa Bibi Guk wa nyumba ya wageni, usimlaumu.

Kwanza naomba radhi kwa maneno ya baba yangu. Sikusema kitu pale mezani kwa kuwa ni baba yangu, lakini nilikuona ukisikia.

La pili ni swali, na kama ni la utovu wa adabu ulichane karatasi hii. Ulituletea pweza wazima, tukawazungushia kwenye vijiti kama wenyeji. Lakini mchumba wangu ulimletea sahani ya pweza aliyekatwakatwa vipande vidogo kama punje za mahindi, pamoja na chumvi na mafuta ya ufuta, bila pilipili. Sisi sote ulitupa pilipili. Baba akauliza kwa nini, ukamjibu, "Huyu koo lake ni jembamba, naliona." Koo la mtu halionekani kwa nje, Mama. Mimi nimejua baada ya mwaka mzima kwamba alikwamwa na chakula akiwa mtoto akaponea chupuchupu, na kwamba pilipili humtoa vipele mdomoni.

Njia nzima ya kurudi aligeukia dirishani. Nilimwuliza, akasema ana kichefuchefu.

Mama, wewe una mtoto wa kiume?

Sikuulizi ili nimwache kwa sababu ya alikozaliwa. Kama angeniambia anatoka Mokpo ningepigana na baba yangu nikashinda, maana huwa nashinda. Lakini mtu aliyemwita mama yake muuzaji akanywa maji kutoka mkononi mwake, huyo siwezi kulala naye chumba kimoja. Harusi ni tarehe 25. Naomba unijibu kabla.

Hwang Inhye


Mokpo, 10 Novemba 1984

Binti Inhye,

Marahaba. Mimi ni mwenye meza, jina langu Bak Jeomrye. Sijui kuandika, anayeandika ni binti yangu, nami nasema neno moja moja naye ameapa kutoongeza lake.

Nimefurahi kwamba ulikula ukashiba. Nilikuona. Ulipanga viatu vya wazazi wako vikaelekea nje ili iwe rahisi kuvivaa. Mtu aliyelelewa vizuri hujulikana kwa mambo kama hayo.

Maneno ya baba yako nimeshayasahau. Gatini tunasikia mengi kuliko hayo.

Umeuliza kama nina mtoto wa kiume. Nilikuwa naye mmoja. Alikufa. Alitoka kwenda mbali kutafuta maisha, bahari ikamchukua, mwili haukupatikana. Naye koo lake lilikuwa jembamba. Tangu siku hiyo kila kijana wa umri wake akikaa mezani kwangu mkono wangu unakata vipande vidogo wenyewe, hata binti yangu ananigombeza kwamba nafukuza wateja. Mchumba wako alikuwa mmoja wa hao. Kuhusu pilipili, nilisahau tu.

Ulikuwa unafikiri nini, binti? Mtoto wangu angefika mezani kwangu ningemwacha akae bila kumshika? Mama gani huyo?

Olewa kwa amani. Yule kijana alikuvulia koti upepo ulipovuma. Usimwulize mambo haya, mtu asiye na wazazi huumia akiulizwa.

Bak Jeomrye
(aliyeandika: binti yake)


Mokpo, 10 Novemba 1984

Yonggil,

Nakutumia nakala ya kile Mama alichonilazimisha kumwandikia mchumba wako leo. Nilimwambia sitaandika. Akasema nisipoandika atakwenda kwa karani wa posta, na mji mzima utajua. Sasa hadithi zenu zinalingana. Wewe ulimzika, naye amekuzika.

Okbun


Seoul, 6 Mei 1985

Shikamoo Mama Jeomrye,

Ni Inhye wa sweta ya kijani, natumaini hujanisahau. Nilitaka kuandika mara baada ya harusi lakini nilikuwa na haya. Barua yako ilinifanya nijione mdogo. Nilikuwa nimemshuku mtu mwema, tena nikachokonoa kidonda cha mama aliyefiwa.

Nina ujauzito wa miezi minne. Nakutumia sweta niliyoifuma mwenyewe, ya kuvaa chini ya aproni, maana nilikuona mikono yako ilikuwa myekundu kwa baridi.

Mume wangu nilimwambia habari zako mwishowe. Nilimwambia yule mama wa pweza alifiwa na mwana wa umri wako, ndiyo maana alikukatia vipande vidogo. Alitoka akaenda kwenye roshani, akavuta sigara tatu. Nikamwambia, wewe huna mama na yeye hana mwana, kwa nini tusiwe tunamtembelea kila mwaka, tumfariji? Akakataa. Alisema si vizuri kumpa matumaini mama wa watu. Nadhani aliguswa sana, ila wanaume wetu hawajui kuonyesha.

Mimi nitakuja nikijaliwa kujifungua salama.

Inhye


Seoul, 12 Februari 1986

Dada Okbun,

Nakuita dada kwa kuwa ndivyo inavyopaswa.

Nilijifungua mwezi wa kumi, mtoto wa kike. Mume wangu alisema ataandikisha kuzaliwa kwake mwenyewe, kama alivyoandikisha ndoa yetu peke yake, mimi nikitia muhuri tu. Nilidhani ni upendo. Juzi mtoto alihitaji nakala ya hati ya ukoo kwa ajili ya kadi ya hospitali, na mume wangu yuko kazini, nikaenda ofisi ya wilaya mwenyewe.

Karani alinipa kurasa mbili. Asili ya ukoo: Mokpo. Unajua mtu akifa jina lake hupigwa mistari miwili ya kukatiza. La baba mkwe limekatizwa. La Bak Jeomrye halijakatizwa. Chini yake kuna watoto wawili tu, Okbun na Yonggil. Nilimtafuta yule aliyechukuliwa na bahari. Niligeuza karatasi mara nne, mpaka karani akaniuliza kama nimepotelewa na kitu.

Wote wawili wako hai, Dada. Yule aliyemzika mwenzake, na yule aliyezikwa akamzika naye.

Nilimwekea kurasa zile mezani aliporudi. Hakukataa. Alisema, "Mama mwenyewe alikubali." Nikamwuliza alikubali lini, wapi, kwa mdomo gani. Akasema, "Hukuwepo siku ambayo watu wanakuchukulia funguo mkononi." Ni kweli sikuwepo. Nililia kwa ajili yake pia. Lakini mimi nimeolewa kwa maneno ya mama aliyejifanya mfiwa ili niolewe. Nifanye nini na maneno hayo sasa?

Baba yangu nimemwambia. Aliweka vijiti vya kulia chini, kisha akauliza, "Yule mama alinisikia?" Nikasema alikusikia.

Nitakuja Jumamosi tarehe 22 kwa treni ya asubuhi, na mtoto. Nimemwambia Yonggil saa ya treni. Sikumwomba wala sikumkataza.

Inhye


Mokpo, 1 Machi 1986

Yonggil,

Ninaandika kwa sababu Inhye amesema hamjaongea tangu mrudi, na mtu lazima akuambie yaliyotokea upande huu.

Tulifunga meza siku hiyo, mara ya kwanza tangu Baba afe. Mama alioga asubuhi bafu la mtaani, akavaa ile sweta. Nilikwenda stesheni. Niliwaona mkishuka wote watatu, wewe umebeba mfuko wa nepi, na moyo ukanilainika kwa namna ambayo sikutaka. Mkatembea nyuma yangu. Tulipofika kwenye maktaba ukasema, "Tangulieni, nivute sigara moja." Nikakuacha pale kwenye ngazi.

Mama alisimama mlangoni. Inhye, mtoto mgongoni, aliinama mpaka paji likagusa sakafu, akashindwa kuinuka. Mama akamwinua kwa makwapa, "Inuka, mtoto ataangukia uso." Akampokea mtoto. Akamgeuza, akamtazama nyuma ya masikio, akamfungua soksi akahesabu vidole. Kisha akauliza kama anameza vizuri. Inhye akasema anameza vizuri. Mama akashusha pumzi ndefu, akasema, "Basi hakurithi."

Hakukuulizia. Lakini alimkalisha Inhye upande wa ndani, akaacha nafasi ya upande wa mlango, na akaweka mabakuli manne kwa watu watatu. Supu ilipoa, akaipasha. Ikapoa tena, akaipasha tena. Mara ya tatu Inhye akavaa viatu ili akufuate. Mama akamwambia, "Kaa. Anajua njia." Saa kumi na moja Gwak wa teksi akapita, akasema amempeleka stesheni mtu wa miwani, akapanda treni ya saa kumi; alimtambua kuwa ndiye waliyekaa dawati moja, lakini yule akamjibu kwa lafudhi ya Seoul kwamba amekosea mtu.

Mama aliyaosha mabakuli yote manne, pamoja na lile lisilotumika.

Jumatatu yake akaniambia nimsindikize ofisi ya kata. Nilidhani anataka nakala aone jina la mjukuu. Tulipofika dirishani akamwambia karani, "Kijana, nataka jina langu likatwe kwenye ukoo wetu." Karani akauliza kama anataka kuhamia ukoo mwingine. Akasema hapana, likatwe kwa mistari miwili kama la mume wangu. "Mwanangu alisema nimekufa, na sasa mkewe ameona karatasi inamwumbua. Karatasi ikisema kweli, nyumba yao itatulia." Karani alidhani ni utani wa wazee, akacheka, akaniangalia mimi, akaacha kucheka. Akamwambia kwa heshima, "Mama, jina halikatwi mpaka mtu afe." Mama akasogea karibu zaidi na dirisha. Akauliza, "Na mtu akifa, inachukua siku ngapi?"

Nilimshika mkono tukatoka. Saa nane alikuwa gatini, aproni imefungwa, anachagua pweza.

Inhye atamleta mtoto tena Aprili, wamekubaliana wao wawili. Wewe sitakuandikia tena. Ukitaka habari za Mama njoo uulize gatini. Pale kila mtu anajua yeye ni mama wa nani.

Okbun